Siku Niliyomfukuza Mtani Msibani

Kosa langu la kwanza Lushoto lilikuwa kusema "najua." Nililifanya jioni niliyofika, mezani, Baba Neema akitaka kunieleza jinsi maji ya kuoga yanavyopashwa moto katika nyumba ile, nami nikamkatiza kwa adabu zote, "Najua, Baba," halafu nikaenda kuoga maji baridi ya mlimani huku meno yakigongana, kwa sababu sikujua lolote na nilikuwa nimeshajifungia njia ya kuuliza. Ningejifunza pale pale, ningesalimika. Sikujifunza. Ndiyo maana leo nawasimulia, na masikio yanapata joto hata nikiandika, jinsi nilivyomtoa mtu msibani kwa mikono yangu miwili, mtu ambaye bila yeye marehemu asingeweza kutoka mlangoni.

Naitwa Kariuki, natoka Nakuru, Kenya, nasoma mambo ya misitu, na muhula ule nilikuwa nimekuja Tanzania kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Chuo kilinipangia kuishi na familia moja Magamba, juu ya mji wa Lushoto, pembezoni kabisa mwa msitu, mahali ambapo ukungu unaingia chumbani kama una ufunguo wake. Mimi ni mtu wa kutaka kila kitu kiwe sawasawa (sijisifu, ni ugonjwa), kwa hiyo miezi kadhaa kabla ya safari nilijifundisha Utanzania peke yangu: nikisikiliza redio zao kwenye simu, nikitazama video za harusi zao na misiba yao, nikisimama mbele ya kioo nikisema shikamoo kwa sauti nzito, kwa sauti laini, nikiwa nimeinama kidogo, nikiwa nimeinama sana. Kwetu Nakuru mtu mzima unamwambia "habari yako" na dunia inaendelea. Nilipofika huku nikawa nampa shikamoo kila anayepumua, mpaka dada mmoja muuza kabichi, ambaye kumbe ni mdogo kwangu, akaniuliza, "Kwani mimi nimezeeka lini?" Nikarudi nyumbani nimevunjika moyo, nikaenda nyuma ya jiko kuanza mazoezi upya mbele ya mbuzi, na hapo ndipo Bibi aliponikuta.

Bibi Luiza alikuwa mama yake Baba Neema. Alisimama na fimbo yake, kanga mabegani juu ya sweta la kijani ambalo sikuwahi kuliona limevuliwa, akanitazama ninavyomwinamia mbuzi, akajibu kwa niaba ya mbuzi, "Marahaba, mjukuu wangu. Umekula?" Akaenda zake. Hakumwambia mtu yeyote, si siku ile wala baadaye, na kwa mtu kama mimi hilo ni jambo kubwa kuliko mnavyofikiri. Tangu hapo kila asubuhi nikitoka kwenda msituni kwa mazoezi alinitilia kiazi cha moto kwenye mfuko wa koti, akiniagiza nikishike kwanza kipashe vidole, ndipo nikile.

Mwezi wa mwisho wa muhula Bibi akafariki. Alikuwa mzee sana, alikwenda usingizini, na watu waliofika kutoa pole walisema amekwenda vizuri, lakini mimi asubuhi nilitia mkono mfukoni nikakuta mfuko tu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipojichimbia shimo. Siku moja kabla ya mazishi, Baba Neema akaniita chini ya turubai. Macho mekundu, sauti imekauka kwa kupokea pole.

"Kariuki, mwanangu, kesho tunampumzisha mama. Wewe nakuweka mbele ya nyumba. Pokea wageni, waonyeshe viti, utaratibu uende vizuri."

"Sawa, Baba."

"Sasa kuna jambo moja la misiba ya huku kwetu ambalo wewe pengine..."

"Najua, Baba."

"Unajua?"

"Najua. Taratibu zote za msiba nilishajifunza."

Akanitazama kidogo. "Basi afadhali. Maana wageni wengine hushtuka." Na akaondoka, akamwambia binti yake Neema, Neema akawaambia wapishi, wapishi wakaambia ukoo mzima, kwamba Mkenya anajua, msiwe na wasiwasi naye.

Mtaniuliza nilidhani anataka kunieleza nini. Nilidhani ni kuvua kofia, kusimama jeneza likipita, wanawake kukaa kwenye mikeka, mambo hayo ya kwenye video. Nikajiambia pia kwamba namwonea huruma, mtu aliyefiwa na mama yake asipoteze pumzi kumweleza mwanafunzi. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa siwezi kuvumilia kuonekana sijui. Ningeweza kupewa ndege niirushe, nikasema najua.

Siku ya mazishi nikavaa koti jeusi na tai ya kuazima, nikasimama mbele ya nyumba nimenyooka kama mlingoti wa shule. Watu walijaa. Kwaya ya usharika iko upande mmoja, mchungaji amekaa na joho lake, wazee Waislamu wa jirani wamefika na kofia zao, nyuma ya nyumba masufuria yanafuka moshi. Kila kitu kilikwenda sawasawa na nilikuwa nimeanza kujipongeza, ndipo bodaboda ikamshusha mzee mmoja mwembamba, ndevu nyeupe, shati limepigwa pasi vizuri. Nikampa shikamoo ya kuinama sana. Akaitikia vizuri tu, "Marahaba, kijana," akauliza, "Yuko wapi?" Nikamwonyesha nyumba. Akapitia mlango wa nyuma. Nikamsahau.

Baada ya muda kidogo Bibi akatoka nje.

Naomba mnielewe. Nilimwona Bibi. Sweta la kijani, kanga mabegani, kitambaa kichwani, fimbo, mgongo umepinda vile vile, mguu wa kushoto unaburuta vile vile. Halafu nikaona ndevu.

Yule mzee akatembea polepole mpaka alipokaa mchungaji, akamwinamia, na kwa sauti ya Bibi, sauti yake kabisa, akasema, "Mchungaji, umekula? Hawa wanangu wabahili, usiwangoje! Mimi wameniua kwa viazi! Asubuhi kiazi, mchana kiazi, nikiomba nyama naambiwa ng'ombe bado mdogo!"

Nikageuka kumtazama Baba Neema ili nione anavyoumia, na Baba Neema ameziba mdomo kwa leso, mabega yanatikisika. Nikasema masikini, analia. Mama mmoja kwenye mkeka, aliyekuwa akilia sekunde ile ile, akacheka, akafuta macho, akalia tena. Mchungaji anatazama Biblia kwa bidii ya ajabu. Neema akapaza sauti, "Rudi kwenu Mombo, wewe, kwenye joto lenu mnakokaushwa kama dagaa!" na mimi nikaelewa kwamba binti wa watu anamfukuza mlevi, wala hakuna mwanamume wa kumsaidia. Kichwa changu kilikuwa kinatafuta video yoyote niliyowahi kuona yenye kitu hiki, hakipati, na wakati huo mzee ameshaenda kwa wapishi, ameshanyang'anya upawa, ameshaonja mchuzi na kuutema kando, ameshafukuzwa kwa jani la mgomba, na sasa anarudi mlangoni. Ndani tayari vijana wameshika jeneza. Mzee akajilaza kizingitini, kichwa upande huu miguu upande ule.

"Sitoki!" akasema kwa sauti ya Bibi. "Nani kasema nimekufa? Mnanizika mpate shamba!"

Mimi ndiye niliyepewa utaratibu. Nikamwendea.

"Mzee, naomba uinuke."

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye ninayesimamia utaratibu."

Msiba mzima ukaangua kicheko. Mzee akainua kichwa, akanitazama juu mpaka chini, kwenye tai, akaita, "Jamani njooni muone! Wasambaa wameshindwa na mimi mpaka wameagiza askari Kenya!"

Siwezi kuwaeleza vizuri nilivyojisikia. Watu wanacheka, marehemu yuko hatua mbili kutoka hapo, mimi sielewi nani anamcheka nani, na ninapokuwa sielewi huwa nafanya jambo haraka ili nionekane naelewa. Nikamshika mzee makwapani nikamburuta. Alikuwa mwepesi kama gunia la majani makavu. Anarusha miguu kwa furaha, anapiga kelele, "Naibiwa! Bibi kizee naibiwa na Mkenya!" na watu wakapiga makofi. (Nilidhani wanapongeza ujasiri wangu. Mungu anisamehe.) Nikampitisha kwenye turubai, kwaya wakatupisha njia, nikampeleka mpaka getini, nyuma ya ua wa michongoma, ambako hakuna aliyetuona wala kutusikia.

Pale mzee akasimama, anahema, bado anacheka. "Una nguvu, kijana. Haya, nirudishe sasa."

Nikamvuta kanga ya Bibi mabegani nikaitoa. Nikamwambia, polepole, kwa kile Kiswahili safi nilichojifunzia mbele ya kioo: "Mzee mzima, huna haya. Marehemu yuko ndani, wewe unamdhihaki. Nenda kwenu."

Kicheko kikaondoka usoni mwake. Akafungua kile kitambaa kichwani, akakikunja vizuri, akavua sweta, akalikunja, akanikabidhi vyote pamoja na fimbo. Ile bodaboda iliyomleta ilikuwa bado inangoja abiria. Akapanda, wakashuka kuelekea mjini. Mimi nikarekebisha tai, nikarudi mahali pangu, na lazima niseme ukweli wote: nilijivuna.

Kwaya ikaimba ubeti, ikanyamaza. Watu wanatazama huku na huku. Baba Neema akajitokeza mlangoni, anatabasamu kidogo na macho yake mekundu.

"Kariuki, mtani yuko wapi?"

"Mtani?"

"Mzee Rajabu."

"Yule mlevi? Nimeshamwondoa, Baba."

Wakacheka tena. Neema akaja karibu, mikono kiunoni. "Umemficha wapi? Kwenye banda la mbuzi?"

"Sijamficha. Ameshuka na bodaboda. Nimemwambia aende kwao."

Kicheko kilikufa mkeka kwa mkeka, kuanzia mbele. Nilikisikia kinavyokwenda nyuma na kuishia kwa wapishi.

"Kaka Kariuki," Neema akasema polepole. "Si ulisema unajua?"

Hapo ndipo nilipoelezwa kile nilichokuwa nimekataa kuelezwa, tena mbele ya umati, nikiwa nimekumbatia sweta la marehemu. Kwamba Wazigua, kabila la Mzee Rajabu, na wao Wasambaa ni watani. Kwamba msibani kazi ya mtani ni kuwachekesha waliofiwa ili wasipasuke, avae nguo za marehemu, amwigize, azuie mlango mpaka apewe chochote, na watu wanaruhusiwa kumburuta na kumpiga kwa majani, ndiyo mchezo wenyewe, na wote walidhani na mimi nacheza. Kwamba Bibi na Mzee Rajabu walitaniana tangu Bibi akiwa msichana anayeshusha peasi Mombo kuuza barabarani, wakiitana mume na mke, na kila mmoja alimwapia mwenzake kwamba atakayetangulia, mwingine atalala mlangoni pake.

"Mama aliacha neno moja tu," Baba Neema akasema. "Asitolewe humu ndani kabla Rajabu hajalala hapo kizingitini, akainuka mwenyewe na kumpisha. Hakutaka kingine. Wala hakudai jiwe la kaburi."

Mchungaji akasema kwa upole kwamba tunaweza kungoja kidogo, lakini alikuwa anatazama juu, ambako wingu zito lilikuwa linateremka kutoka msituni, na kaburi liko wazi kule chini ya migomba. Mvua ikinyesha, lingejaa maji. Nikasubiri Baba Neema anipigie kelele. Nilitamani anipigie.

"Nenda kamlete, mwanangu," akasema tu. "Mwambie tunamngoja."

Nilipata bodaboda njia panda, nikashuka mlima na kanga ya Bibi mkononi (sweta na vingine nilimwachia Neema, kanga sijui kwa nini sikuiachia), tai inanipiga usoni njia nzima. Ilikuwa siku ya soko, stendi ya Lushoto imejaa watu, matenga ya nyanya, magunia ya kabichi. Nikazunguka gari moja hadi jingine kama mtu aliyepoteza mtoto. Nikamkuta Mzee Rajabu kwenye Noah, gari la abiria la kwenda Mombo, kiti cha mbele, anatazama kioo. Gari lilikuwa limebakiza abiria mmoja liondoke.

"Shikamoo, Mzee."

Akaendelea kutazama kioo.

"Shikamoo, Mzee Rajabu." Nikainama. "Shikamoo. Nimekuja kukuomba radhi. Naomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa, kwa niaba yangu binafsi na kwa niaba ya..."

"Wewe unapanda au unahutubia?" kondakta akaniuliza. "Tunangoja mtu mmoja hapa."

"Sipandi. Shikamoo, Mzee."

"Hizo shikamoo zako nimeshazijaza mifuko yote," Mzee Rajabu akasema bila kugeuka. "Sina pa kuziweka nyingine."

Mama mmoja kiti cha nyuma, amepakata kikapu, akaingilia. "Baba, kijana anaomba msamaha, msamehe tu. Amekufanya nini?"

"Ameniambia sina haya."

"Eeh! Mtu mzima huyu?"

"Hilo siyo tatizo, mama. Mtani hana haya, ndiyo kazi yake. Wasambaa wamenitukana tangu sijaota ndevu. Wameniita mchawi, wameniita mwizi wa kuku, huyo bibi mwenyewe aliniita jina ambalo siwezi kulisema ndani ya gari la watu. Hakuna hata mmoja aliyemaanisha." Ndipo aliponigeukia, na nikaona macho yamelowa. "Wewe ulimaanisha. Nimeshuka huu mlima nalia. Mtani halii msibani, kijana. Tunalia baadaye, kwetu, peke yetu. Umenifanya nilie, na mwenzangu bado yuko ndani."

Nilikuwa nimetayarisha njiani maneno mengi mazuri. Yote yalipotea. Nilijaribu kukumbuka, katika yale yote niliyojifundisha, ni heshima gani kubwa zaidi ya shikamoo ambayo sijaitumia, na kila niliyoiwaza ilikuwa itazidi kumkosea, kwa sababu kumbe heshima yangu ndiyo iliyomkosea toka mwanzo, na hapo akili ikasimama kabisa.

"Mzee," nikasema, "sijui. Sijui nifanye nini. Sikujua kama wewe ni mtani. Sikujua kama kuna mtani. Walitaka kuniambia, nikawakatiza, nikasema najua."

"Hukujua?"

"Sikujua."

"Kwa hiyo ulidhani mimi nani?"

"Nilidhani ni mlevi."

Mzee Rajabu akanitazama. Kitu kikaanza kutetemeka kwenye ndevu zake.

"Mlevi," akasema. "Mimi. Wa swala tano." Akageukia nyuma. "Mama, umesikia? Ametazama bibi kizee ana ndevu, anazuia jeneza, akasema huyu amelewa!" Akacheka mpaka akakohoa, yule mama naye akacheka akishika kikapu kisimwagike, kondakta akapiga bodi la gari kofi, na mimi nimesimama dirishani sijui kama nami nicheke au nipige magoti. Nilifanya vyote viwili kidogo kidogo, ikawa kama nimeteleza.

"Wanakungoja," nikasema. "Hawatamtoa bila wewe. Na mvua inakuja."

Akafungua mlango, akashuka. Kondakta akalalamika kwamba sasa anangoja watu wawili. Mzee hakumsikiliza. Alikuwa ameiona ile kanga.

"Kuna faini," akasema. "Kumfukuza mtani ni faini. Kanga uliyonivua, vaa."

"Hapa?"

"Hapa. Na kichwani, ufunike vizuri. Leo Luiza ni wewe. Mimi nakurudisha nyumbani, ulikuwa umetoroka."

Jamani, nimewaeleza mimi ni mtu wa namna gani. Mimi ndiye nisiyeweza kutoka chumbani kola ikiwa imekaa upande. Nikajifunga kanga ya bibi kizee juu ya koti jeusi na tai, katikati ya stendi ya Lushoto, siku ya soko, Mzee Rajabu akanishika kiwiko akaanza kuniongoza huku akitangaza, "Pisheni! Pisheni! Mke wangu amefufuka, anakwenda kujizika!" Na ajabu yake hakuna aliyeshangaa. Wauza nyanya wakaitikia, mmoja akanipa pole ya kufiwa na nafsi yangu, vijana wa bodaboda wakauliza mahari yangu. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nashangaa. Tukapinda kwenye kona, uso kwa uso na Madam, mhadhiri anayesimamia mazoezi yangu msituni, ananunua karoti. Nilikuwa nimehangaika muhula mzima Madam anione mtu makini.

"Kariuki?"

"Shikamoo, Madam."

Akanitazama kuanzia kanga ya kichwani mpaka viatu. "Marahaba," akasema taratibu. "Uko sawa?"

Nilifungua mdomo niseme niko sawa. "Hapana," nikasema, na Mzee Rajabu akanivuta tukaendelea.

Tulipanda bodaboda moja mishikaki, dereva mbele, mimi katikati na mzee nyuma yangu akinishika kiuno na kuniimbia wimbo wa harusi wa Kizigua sikioni, mlima mzima. Matone ya kwanza yalitupata tukiingia getini. Sauti niliyoisikia tulipotokea kwenye ua wa michongoma sijawahi kuisikia mahali pengine, vigelegele na kilio na kicheko vimetoka pamoja, na Neema alikaa chini kwenye majani kwa kucheka.

"Nimewaletea mwizi wa watani!" Mzee Rajabu akapiga kelele. Akatembea moja kwa moja mpaka mlangoni, akajilaza kizingitini, akapiga sakafu kwa kiganja. "Na wewe lala hapa! Nani atanisaidia kuzuia hawa wachoyo?"

Nikalala. Koti jeusi, tai, kanga, mgongo kwenye saruji ya baridi, mvua inanidondokea usoni kutoka kwenye bati. Juu yangu naona soli za viatu vya mchungaji zinasogea nyuma. Baba Neema akatuambia tutoke, Mzee Rajabu akasema hatutoki, wakatutolea viazi, akasema anaona hawajajifunza kitu, wakabishana, wakatupiga kwa majani ya mgomba (mimi nilipigwa zaidi, na nadhani wapishi walikuwa na lao), mpaka mtu akaleta jogoo mwekundu amefungwa miguu. Mzee akampapasa jogoo kifuani, akakunja uso, akakubali. Nikacheka. Katikati ya kucheka nikakuta nalia, kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu Bibi afariki, na sikujua kama inaruhusiwa kulia ukiwa umelala pale, wala sikumwuliza mtu, nikaendelea tu.

Mzee Rajabu akainuka, akanivuta mkono nikainuka. Akasimama kando ya mlango, akanyoosha kiganja kama mtu anayekaribisha wageni.

"Haya," akasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Mpisheni mke wangu."

Vijana wakamtoa Bibi. Tulimzika mvua ikiwa bado ya rasharasha, kaburi halikuwa limejaa maji, na mtani alitangulia mbele njia nzima akifagia kwa tawi, akiwatukana wachukuzi kwamba wanatembea kama wamebeba kabichi. Baadaye, watu wanakula, Baba Neema alikuja akakaa karibu yangu na sahani ya makande. Nikaanza kumwomba radhi. Akanikatiza. "Mama angeipenda sana hii," akasema, akaendelea kula.

Wiki zilizobaki za muhula niliitwa Bibi. Darasani Bibi, sokoni Bibi, hata Madam aliniandikia kwenye ripoti ya mazoezi kwamba natekeleza kazi vizuri ila nijifunze kuuliza. Muuza kabichi ndiye aliyenipa shikamoo.

Sasa nimerudi Nakuru. Bado napiga pasi hata soksi, bado naandika ujumbe wa mstari mmoja nikaufuta mara nne kabla ya kuutuma, kwa hiyo msidhani nimekuwa mtu mwingine. Kimebadilika kitu kimoja tu: mtu akianza kunieleza jambo, namwacha amalize.